Sauti ya Kumi na Mbili

Mkataba ulitaka sauti kumi na mbili.
Nyumba ya reli, mbao na mabati juu ya nguzo za mawe,
pale Upper Hill, imebanwa na maghorofa ya vioo
kama ajuza ndani ya lifti.

Nikaanza na zilizo rahisi.
Mvua ya batini niliirekodi Limuru, kwa shangazi,
maana ya Nairobi siku hizi ina honi ndani yake.
Vikombe vya kaure nilivitoa Gikomba, vitatu,
na chenye ufa ndicho kilicholia vizuri.
Ngazi nilizikanyaga moja moja
mpaka nikaipata inayolalamika.
Moto wa jikoni ni karatasi ya biskuti
ninayoifinya taratibu karibu na maikrofoni.
Usicheke. Wapo walioniambia wamenusa moshi.

Saa ya ukutani. Gramofoni. Mbwa.
Filimbi ya treni kutoka bondeni, stesheni.
Kengele ya mezani, ya shaba,
na baada ya kengele, akasema Bwana Kithome wa makumbusho,
tia sauti ya mtu: "Ndiyo, memsahib."
Wageni wataipenda.

Kijana wa maigizo aliisema mara kumi na tisa.
Mara zote kumi na tisa alikuwa anaigiza.

Ndipo tukamleta Jerusa Mideva, miaka tisini na moja,
binti wa mpishi, aliyekulia ua wa nyuma
katika chumba ambacho sasa ni choo cha wageni.
Nikamvisha hedifoni juu ya kilemba.
Akafumba macho, mkoba mapajani.
Mvua ikamchekesha. Mbwa akamfanya ainue miguu.
Kengele.
"Ndiyo, memsahib."
Akazivua.

"Huyu nani?"

Mpishi, nikasema. Yaani, labda, baba yako.

"Baba hakuitika. Hakuna aliyeitika mle ndani.
Kuitika kwetu kulikuwa kufika.
Viatu marufuku, sakafu inapakwa nta kila Jumamosi,
na kile kipande cha shingoni, kile kibweta chake cha bati,
alikiviringa kwa pindo la leso ya mama
kisigonge vifungo akiinamia sahani.
Mimi nililala sikio ukutani.
Nasikia kengele.
Halafu kimya.
Halafu kijiko cha yule bibi kinagonga bakuli.
Hapo najua baba ameshaingia, ameshatoka."

Usiku ule nilisubiri winchi za jirani zizimwe,
na jenereta, na mlinzi amalize simu yake.
Nikavua viatu. Nikavua soksi.
Sakafu ya nta inang'ang'ania ngozi,
kila hatua inabanduka kama plasta.
Jaribio la tatu, la saba.
Nikajifunza kutanguliza ukingo wa unyayo,
kushusha uzito kama anayelaza mtoto,
kupumua kwa pua, trei kifuani, bila kitu juu yake,
kisha ikiwa na vile vikombe vitatu.
Nyonga ziliniuma siku mbili.
Nikawaza: miaka ishirini na sita.

Bwana Kithome aliutazama mstari kwenye skrini,
umelala kama mto wa kiangazi.
"Hapa hakuna kitu, dada."
Sekunde kumi na moja, nikamwambia. Lipa.

Sasa wageni wanarudisha hedifoni pale mlangoni.
Imeharibika, wanasema, baada ya kengele inakatika.
Nawaambia haijakatika, rudi, subiri kijiko.
Wengine hawana muda.
Mtoto mmoja wa shule, sare ya kijani,
aligeuka ghafla kutazama nyuma yake.

Jerusa nilimpelekea nakala nyumbani kwake, Kangemi.
Akasikiliza mara mbili, kichwa upande,
chai ikipoa, televisheni ya jirani ikihubiri.
Nikangoja aseme kitu, hata ahsante.

"Umejitahidi," akasema.
"Lakini bado unasikika."